Taa ya Nyuma ya Skuta ya Mama Yako

Njeri, binti yangu, mama,

Saa hizi uko Kawangware unasukwa nywele, na kwa mtindo uliouchagua najua hutarudi kabla ya jioni. Kwa hiyo nimefunga kibanda. Wateja wawili wamenipigia simu nikawaambia niko mazishini, Mungu anisamehe. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na nimeshaianza barua hii mara tatu, na mara zote tatu nikajikuta nakuambia ununue neti kwa sababu Kisumu kuna mbu. Nimezichana. Una miaka ishirini na miwili na cheti cha umeme, na hiyo kampuni ya pikipiki za umeme haikukuajiri ili mimi nikufundishe kufunga neti.

Naandika kwa sababu ya jana. Niliingia chumbani kwako nikijifanya natafuta bisibisi, nikakuuliza kama umemwambia mamako kwamba unahama. Hukuinua hata kichwa. "Alituacha juu ya kuanguka na skuta, Baba. Hata haikuwa kitu kubwa. Sasa nimwambie nini?" Ukaendelea kukunja nguo. Mimi nikasema, "Sawa," nikatoka na bisibisi ambayo sikuwa na kazi nayo.

Haikuwa sawa. Mama yako hakuondoka kwa sababu ya kuanguka. Aliondoka kwa sababu yangu, na nimekuacha uamini hayo mengine kwa miaka minane. Ukipanda basi kesho bila kujua, utaenda kuanza maisha mbali ukiwa umemfungia mlango mtu ambaye hakukukosea, na mwenye kosa ni mimi niliyekuwa nikikupikia ugali kila jioni. Ningekuambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikifungua mdomo nitaanza kujitetea.

Acha nianzie kazini, maana huko ndiko nina ujasiri.

Unamkumbuka Mzee wa Mayai, yule aliyekuwa akipeleka trei kwenye mahoteli kutoka hapa Satellite hadi Dagoretti Corner? Siku moja alikuja kibandani amevimba kwa hasira. "Fundi, hii skuta inapiga honi yenyewe! Nikikata kona ya kushoto tu, inalia. Watu wanadhani nawatusi." Niliisimamisha kwenye stendi ya katikati, nikabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Kimya. Fundi mwingine angemwambia haina shida aende zake. Mimi niliipanda, na mayai yake nyuma, nikaelekea kanisani. Kona ya kwanza ya kushoto honi ikalia, na mama mmoja aliyekuwa akivuka akanitukana hadi ukoo wangu wote. Waya wa honi ulikuwa umechubuka pale shingoni usukani unapogeukia, na kila alipokata kushoto shaba iligusa chuma. Nikaufunga tepu, kazi ikaisha.

Nilijisifu wiki nzima. Wewe ulikuwa darasa la sita, na nilikwambia kwamba hitilafu ya umeme haitafutwi pale fundi anapopenda kukaa, inatafutwa pale inapotokea. Kama inatokea kwenye kona, nenda kwenye kona. Uliyaandika nyuma ya daftari lako la sayansi na nikajiona profesa.

Nakukumbusha hayo ili ujue kwamba nilikuwa ninajua. Sikuja kufundishwa baadaye. Yaliyompata mama yako yalimpata mikononi mwa mtu aliyekuwa anajua kabisa jinsi ya kutafuta.

Mama yako wakati ule alikuwa akimtunza bibi mmoja mzee kule Spring Valley, kuanzia asubuhi hadi saa moja jioni. Alichoka kusubiri magari Westlands, nami nikamjengea skuta. Si kumnunulia, kumjengea, kutoka kwa skuta mbili zilizokufa. Injini ya moja, mwili wa nyingine, na nyaya zote nilizipitisha mwenyewe, waya kwa waya. Nilimkabidhi funguo hapa uani mbele ya wapangaji wote. Walipiga makofi. Sijawahi kujipenda vile nilivyojipenda siku ile.

Baada ya miezi michache akaniambia, "Baba Njeri, hii taa ya nyuma inazima nikiwa njiani. Kuna mtu ya gari amenifuata mpaka stesheni ya petroli akinifokea ati nataka kufa."

Nilitoka na kikombe cha chai mkononi. Nikaiweka skuta kwenye stendi, nikainua kiti ili nione nyaya, nikageuza ufunguo. Taa ikawaka, nyekundu kabisa.

"Si hii hapa?"

"Sasa hivi inawaka."

"Basi imepona," nikasema, nikacheka na kurudi kwa chai yangu.

Mara ya pili nilibadilisha balbu, si kwa sababu niliona kasoro bali ili anyamaze. Mara ya tatu sikuinuka mezani. Nilimwambia madereva wanamfokea kwa sababu ni mwanamke na anaendesha polepole. Akaniangalia. "Mimi ndio huwa naikalia, Baba Njeri. Wewe unaiangalia tu ikiwa imesimama." Alinipa jibu lote, kamili, kama vile angeniwekea kwenye sahani. Nami nikamwomba chumvi.

Nimejiuliza sana kwa nini Mzee wa Mayai nilimwamini na mke wangu sikumwamini. Yule alikuwa mteja, na skuta yake iliharibika ikiwa mikononi mwa watu wengine. Hii niliijenga mimi. Kama taa ilikuwa inazima, basi aliyekosea ni mimi, na nilikuwa nimeshapigiwa makofi. Ilikuwa rahisi zaidi awe ni yeye anayeona mambo ambayo hayapo.

Aligongwa jioni ya mvua kwenye Naivasha Road, karibu kabisa na nyumbani. Pikapu ilimgonga kwa nyuma, akarushwa pembeni, akavunjika mfupa wa bega. Dereva hakukimbia. Alisimama pale kwenye mvua akirudia kwamba hakuona taa, hakuona taa. Mimi nilipofika niliiinua skuta kutoka kwenye matope, nikageuza ufunguo, na taa ya nyuma ikawaka. Nikamwonyesha. Nilimwonyesha mtu huyo taa kabla sijamshika mke wangu mkono.

Hospitalini uliniuliza Mum alianguka aje. Nikakujibu, "Alifunga breki vibaya." Alikuwa amelala kitandani hapo karibu, macho yamefumbwa. Alisikia. Aliniambia baadaye kwamba alisikia.

Sasa nafika kwenye Jumamosi ile wazee walipokuja, na hapa ndipo ile barua ya pili ilipogeukia neti.

Unakumbuka wajomba zake wawili walivyokuja kutoka Machakos. Walikuwa wamesikia nyumba yetu haina amani, wakaja kutukalisha chini kama ilivyo desturi, na mjomba wangu wa Riruta akaja kwa upande wetu. Mama yako, mkono ukiwa umefungwa kifuani, aliwaambia wazee jambo moja tu. Hakuzungumzia hela wala pombe wala wanawake. Alisema, "Nilimwambia mara tatu taa inazima, na anaambia watu ni mimi sijui kuendesha."

Mimi nikasimama. Nikasema wazee hawahitaji maneno, waje uani waone wenyewe. Nikaitoa skuta. Nikaipandisha kwenye stendi, nikainua kiti, nikafunua kila kitu kama mtu asiye na la kuficha. Kwa kuwa jua lilikuwa kali na taa isingeonekana vizuri, nikakuita wewe. Nikakwambia weka kiganja nyuma ya taa uwaambie wazee unaona nini. Ukaweka. Kiganja chako kikawa chekundu.

"Inawaka, Baba," ukasema.

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mjomba wake mkubwa akasema, "Taa iko. Hata mtoto ameona."

Mama yako alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Akasema, "Wacheni nikae juu yake mimi mwenyewe, niiwashe vile huwa nawasha."

Njeri, hakujua kasoro iko wapi. Yeye si fundi. Alitaka tu kufanya mbele yao kile anachofanya kila siku. Kama ningemwachia, angekaa, taa ingezima, na wewe leo ungekuwa na mama ndani ya nyumba hii. Mimi nikasema, "Na huo mkono? Si utaanguka tena, hata ikiwa kwa stendi?" Wazee wakacheka. Mjomba wangu alicheka mpaka akafuta machozi. Mama yako akaingia ndani akaendelea kupakua chakula cha wageni kwa mkono mmoja.

Aliondoka baada ya kufunguliwa bandeji. Asubuhi hiyo, begi likiwa mlangoni, aliniuliza, "Utaendelea kusema ni mimi?" Nikamjibu, "Taa ilikuwa inawaka." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia nyumbani kwake. Akaenda kwa dada yake kule Woodley, na yuko huko hadi leo.

Uliporudi kutoka shule ukauliza, nikakwambia mamako ameona aibu kwa sababu ya ile ajali na hataki kurekebishwa. Ulinihurumia. Ulinipikia chai. Siku ya kutembelewa shuleni alipokuja na chapati na wewe ukakataa kutoka bwenini, mwalimu alinipigia simu nizungumze nawe. Nikamwambia, "Mwache mtoto asilazimishwe." Sentensi moja ingetosha siku ile, na sikuisema.

Mwaka mmoja baada ya kuondoka kwake, niliamua kuiuza skuta. Alikuja mtu mmoja mnene kutoka Uthiru na mke wake. Bwana akaipanda, nami nikageuza ufunguo nikieleza sifa zake. Mke wake alikuwa amesimama nyuma.

"Taa imezima," akasema.

Bwana akashuka kuangalia. "Si inawaka?"

"Hebu kaa tena." Akakaa. "Imezima. Simama. Imewaka. Kaa." Alifanya hivyo mara nne, hana haraka. "Fundi, hii kitu inakataa mtu."

Niliwaambia haiuzwi tena. Walinitukana kidogo wakaenda, na walikuwa na haki.

Nilipoifungua nilikuta kazi yangu mwenyewe. Waya wa taa ya nyuma ulikuwa mfupi, kwa sababu ulitoka kwenye skuta nyingine, na nilikuwa nimeuvuta juu ya ukingo wa chuma chini ya kiti badala ya kuunga kipande. Shaba ilikuwa imekatika ndani kwa ndani, nje plastiki ikiwa nzima. Mtu akikaa, kiti kinaukandamiza, shaba inaachana. Akisimama, inagusana. Ukiinua kiti ili uone vizuri, kama nilivyofanya mara zote mbele ya watu wote, haiwezi kukosa kuwaka. Nilikuwa napima kwa namna ambayo mama yako asingeweza kushinda.

Niliitengeneza kwa muda wa kuchemsha maji ya chai. Kisha nikaikalia hapo kibandani hadi miguu ikafa ganzi, taa ikiwaka nyuma yangu. Umeniuliza mara nyingi mbona siiuzi, nami hukwambia mnunuzi hajapatikana. Sababu yenyewe ni huo waya.

Hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita. Miaka saba, mama. Kosa la kwanza naweza kuliita kiburi, na wanaume wengi wanacho. Hili la pili silijui jina. Nilikwenda Woodley mara mbili. Mara ya kwanza nilifika kwenye kona nikajifanya nimepigiwa simu. Mara ya pili nilifika hadi getini nikamsikia ndani akicheka na dada yake, nikajiambia ana raha, nisimvuruge. Uongo. Niliogopa kwamba akijua, atakwambia, na wewe utaondoka. Nilikuwa nimebaki na wewe tu.

Na sikukupata vizuri hata hivyo. Sijui kama uliona. Tulikuwa tunakula, unanisimulia mambo ya chuo, na ghafla nashindwa kukusikia kwa sababu nafikiria ungenitazama vipi kama ungejua. Nimekuwa mpweke kwenye meza hii hii ukiwa umekaa mbele yangu. Jumapili kanisani watu wakinisifu kwa kukulea peke yangu, nilitamani kutoka nje. Nilikulea peke yangu kwa sababu nilimfukuza mwenzangu.

Kuhusu kile kiganja. Najua wewe, najua ukifika hapa utasimama na kuutazama mkono wako. Sikiliza. Ulikuwa na miaka kumi na minne na uliulizwa unaona nini, ukasema unachokiona. Taa ilikuwa inawaka. Mimi ndiye niliyepanga uone nini, na nikakutumia kwa sababu nilijua hakuna mtu angebishana na mtoto. Mama yako hajawahi kukulaumu kwa hilo, najua kwa hakika, na nitakuambia nimejuaje.

Huko uendako utaletewa pikipiki na watu waliokasirika. Mwanamume atakuambia inakata nguvu mlimani, mama muuza samaki atakuambia taa inapepesa akifika kwenye matuta, na wewe utaipima uone kila kitu ni kizuri. Utakuwa na mashine nzuri kuliko testa yangu. Usiwaambie haina shida. Waambie wapande, wewe tembea nyuma yao uangalie. Nakuomba ufanye vivyo hivyo na mtu utakayeishi naye, na ufanye mapema, kabla hajanyamaza. Mama yako alisema mara tatu, akaomba mara moja, kisha akanyamaza.

Leo ulipotoka tu nilimpigia simu. Namba yake ninayo miaka yote hiyo. Aliposhika, jambo la kwanza aliuliza, "Njeri yuko sawa?" Nikasema uko sawa. Kisha nikamwambia. Nilimwambia waya ulikuwa wapi, nani aliuweka, na nilijua lini. Nilimwambia hata hiyo miaka saba niliyonyamaza. Nilikuwa nimejipanga kwa matusi.

Nikasikia redio ya yule bibi wa Spring Valley, ambaye bado anamtunza, ikilia kule ndani. Halafu akasema, "Nilikuwa najua sina wazimu. Lakini kuna miaka hapo katikati niliacha kujua." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na alinisubiri nimalize, bila kunibembeleza.

Nikamwomba msamaha kwa ajili ya kiganja chako. Akasema, "Huyo alikuwa mtoto. Hata siku hiyo niliona vile umemsimamisha. Nilimuonea huruma yeye kuliko mimi." Ndivyo nilivyojua.

Kisha akauliza basi lako linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa nne, pale mjini. Akasema ataomba ruhusa kwa bibi, na atakuwa mbele ya ofisi ya basi kuanzia saa tatu. Atasimama tu. Ukitaka kumpita, umpite, hatakushika mkono. Nikamwambia nitahakikisha tumefika mapema, tunywe chai sote.

"Hapana," akasema. "Wewe usikuje. Ulikuwa naye miaka nane. Hiyo saa moja niachie."

Nikasema sawa. Safari hii ilikuwa sawa kweli.

Kwa hiyo barua hii nitakupa asubuhi kabla ya chai, uisome ukiwa bado na muda wa kunifokea. Unifokee. Ukitaka kuondoka bila kuniaga, nitaelewa, na hata usiponipigia simu kwa mwezi au mwaka sitatuma mtu kukubembeleza. Ninachoomba ni usimpite mama yako bila kumsalimia. Utamjua upesi. Bega la kulia limeshuka kidogo.

Teksi inakuja saa mbili. Nilikuwa nimepiga pasi lile shati la bluu la kukusindikiza, na nilinunua rangi ya viatu. Nitalivaa tu. Nitakubebea begi hadi getini, nikufungulie geti, nirudi ndani.

Babako